Choa, mba au mapunye: dawa ipi ya fangasi ikufae

Kaskazi ikishika na hewa ya Lamu ikawa nzito, nguo zikashinda na jasho mwilini, maduka ya dawa kuanzia Langoni mpaka Mkomani husikia ombi moja kutwa: "Nipe dawa ya fangasi." Nikiwa nyuma ya kaunta, kabla sijagusa rafu humuuliza mteja maswali mawili. Iko wapi mwilini? Na ukiitazama ikoje? Wako wanaoona ninawachelewesha. Lakini krimu inayoponya choa cha mgongoni haifanyi lolote kwa mapunye ya mtoto, na kidonge kinachoondoa mapunye chaweza kisiguse mba hata kidogo. Pesa zinatoka, mwasho unabaki, kisha mtaani inasemwa dawa za siku hizi hazina nguvu. Mara nyingi nguvu zinazo, ila zimepelekwa kusiko.

Kwa hivyo nitazilinganisha kwa kufuata mahali ugonjwa ulipo, na nitasema wazi mimi ningechukua ipi. Majina ya dawa nimeyaandika kwa matamshi yetu. Kwenye boksi utayaona kwa Kiingereza, lakini hayapishani sana, utayatambua.

Choa cha mwilini, kinenani na vidoleni

Choa, ambacho wengine hukiita mashilingi, huwa duara lenye ukingo ulioinuka na magamba madogo, na katikati ngozi imeanza kutulia. Fangasi zake hula keratini, ile protini inayojenga ngozi ya juu, nywele na kucha. Jamaa hizo hizo ndizo zinazowasumbua mahamali na wavuvi kinenani, na ndizo zinazotafuna katikati ya vidole vya miguu vya anayeshinda na viatu vya kufunika. Mabaka yakiwa machache, dawa ya kupaka inatosha. Za kupimana hapa ni tatu.

Kongwe kuliko zote ni marhamu ya Whitfield, yenye jina la Arthur Whitfield, daktari wa ngozi wa Uingereza. Ndani yake mna asidi ya benzoiki asilimia 6 na asidi ya salisiliki asilimia 3. Ya kwanza huzuia fangasi isikue, ya pili hulainisha ngozi ngumu na kuibandua ili dawa ipenye. Bei yake ni ndogo. Ubaya wake ni mafuta yanayoshika nguo, na ule mchomo. Kwenye wayo mgumu wenye magamba ninaipenda, maana krimu laini huteleza tu juu ya ngozi ya namna hiyo. Lakini kinenani, usoni, chini ya matiti au kwa mtoto mdogo usiipake. Itaunguza ngozi nyororo na mgonjwa ataiacha siku ya pili.

Klotrimazoli ya asilimia 1 imezoeleka zaidi, na inastahili kupendwa. Haichomi, haimalizi mfuko, na mbali na choa huponya pia kandida, ule ukungu wa kwenye mikunjo unaowatoka sana watoto wachanga na wenye kisukari. Mama mjamzito huweza kuipaka kwenye ngozi. Ndugu yake mikonazoli ya asilimia 2 hufanya kazi ile ile. Ukikosa moja chukua nyingine, sioni cha kubishania hapo. Kasoro ya klotrimazoli ni muda. Huzuia fangasi zaidi ya kuiua, kwa hiyo hupakwa mara 2 kwa siku kwa wiki 2 hadi 4, na uendelee wiki 1 zaidi baada ya ngozi kuonekana imepona. Hapo ndipo wengi hukwama. Mwasho huisha siku za mwanzo, tyubu inasahauliwa juu ya kabati, na haupiti mwezi duara limerudi, tena pana kuliko mwanzo.

Terbinafini ya asilimia 1 huiua fangasi ya choa. Huinyima ergosteroli, mafuta yanayoshikilia utando wa seli zake, na papo hapo husababisha skwalini, malighafi ya mafuta hayo, kurundikana ndani yake mpaka ikaisumu. Ndiyo maana hupakwa mara 1 au 2 kwa siku, kwa wiki 1 hadi 2 tu. Kwa kandida si hodari, na mjamzito mimi humwelekeza kwenye klotrimazoli. Kinachowarudisha watu nyuma ni bei ya tyubu yake.

Basi tupige hesabu, kwa sababu bei ya tyubu si bei ya kupona. Kamua krimu ilale juu ya kidole cha shahada cha mtu mzima, kuanzia ncha mpaka mkunjo wa kwanza. Hiyo ni karibu nusu gramu, nayo hutosha eneo la viganja viwili. Tuseme choa chako kimeenea kiasi hicho. Klotrimazoli mara 2 kwa siku ni gramu 1 kila siku, na kwa wiki 4 ni gramu 28. Tyubu ya gramu 20 haitoshi, lazima urudi kwa ya pili. Terbinafini mara 1 kwa siku kwa wiki 2 ni gramu 7, na tyubu ya gramu 10 inabaki. Ukihesabu hivyo, tofauti ya bei inapungua sana. Halafu kuna maisha yenyewe. Mvuvi anayetoka alfajiri na kurudi magharibi anaweza kupaka mara moja kila usiku baada ya kuoga. Kumtaka apake mara mbili kila siku mwezi mzima ni kumpa kazi ambayo hataimaliza.

Kwa choa cha kawaida cha mtu mzima, basi, mimi huchukua terbinafini. Mjamzito, mtoto mchanga, au palipo na shaka kama ni choa au ni kandida, klotrimazoli. Whitfield naiacha kwa nyayo.

Yoyote utakayochukua, paka ipite ukingo wa duara kwa sentimita 2 hivi, maana fangasi huwa imeshatangulia mbele ya pale unapoiona. Ngozi iwe kavu kabisa kabla ya kupaka. Na mwenye choa cha kinenani ajitazame vidole vya miguu. Mara nyingi chanzo kiko huko, na nguo ya ndani ikipitishwa miguuni huipandisha juu. Tibu kote pamoja, na vaa soksi kabla ya nguo ya ndani. Kikoi kilicholowa usikiache kikukaukie kiunoni.

Nistatini isikudanganye kwa kuitwa dawa ya fangasi. Iligunduliwa mwaka 1950 na wanasayansi wawili wanawake wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, na kwa kandida ni dawa nzuri hadi leo. Fangasi za choa haiziwezi.

Tyubu ya mchanganyiko

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapoumia.

Kijana wa mashua za Shela alikuja kuniomba tyubu ya "tatu kwa moja".

"Ami, ile ndiyo inayonifaa. Nikipaka usiku, asubuhi siwashwi."

"Mwanangu, unaipaka tangu lini?"

"Tangu Ramadhani. Ikiisha nanunua nyingine. Nikiacha siku tatu tu, inarudi."

Nilimkaribisha nyuma ya pazia nimtazame. Mapajani duara halikuwepo tena. Magamba yalikuwa yametoweka, vipele vimetawanyika mpaka kiunoni bila umbo la kueleweka, na kwenye mkunjo wa paja ngozi imekuwa nyembamba, imechanika michirizi mipana chini kwa chini. Michirizi ile haitaondoka.

Tyubu hizo huwa na vitu vitatu: dawa ya fangasi, dawa ya bakteria kama neomaisini au jentamaisini, na steroidi kali. Steroidi hunyamazisha kinga ya ngozi. Wekundu, uvimbe na mwasho ni kazi ya mwili unaopigana na fangasi, kwa hiyo ukiunyamazisha mwili utahisi nafuu siku ya kwanza au ya pili, haraka kuliko dawa yoyote safi. Fangasi nayo inabaki inakula bila wa kuizuia. Choa kikipakwa steroidi muda mrefu hupoteza sura yake, hata daktari akikitazama huweza kukidhania ugonjwa mwingine. Klotrimazoli peke yake huonekana nzito siku tatu za mwanzo. Baada ya wiki 4 aliyepaka klotrimazoli amepona, na wa mchanganyiko anatafuta tyubu nyingine.

Kabla hujalipa, geuza boksi usome upande wenye maandishi madogo. Ukiona neno Betamethasone, Clobetasol, Dexamethasone, Beclomethasone au Triamcinolone, hiyo ina steroidi. Irudishe uombe yenye jina moja tu la dawa ya fangasi. Clobetasol imejaa pia katika krimu nyingi za kujichubua, kwa hiyo anayejichubua kisha akatokwa na choa kisichosikia dawa asishangae.

Nchini India, madaktari wa ngozi wamekuwa wakipambana kwa miaka mingi sasa na choa sugu kinachoenea nyumba nzima. Fangasi yake ilipewa jina Trichophyton indotineae mwaka 2020, na aina zake nyingi hazisikii terbinafini. Matumizi ovyo ya krimu za mchanganyiko ni moja ya sababu wanazozitaja. Fangasi hiyo imeshaonekana Ulaya na Marekani pia, kwani hupanda ndege pamoja na watu. Kwa hiyo ukipaka terbinafini sawasawa na baada ya wiki 3 au 4 hakuna mabadiliko, usinunue tyubu ya pili. Omba upimwe. Ngozi hukwanguliwa kidogo kwa wembe butu, hutiwa potasiamu haidroksaidi, na nyuzi za fangasi huonekana kwa hadubini.

Aliyekwisha zoea mchanganyiko ajue jambo moja. Akiuacha na kuanza dawa safi, mwasho utapanda kwa siku kadhaa kabla ya kushuka. Avumilie, asirudi nyuma. Kama ameupaka miezi mingi au sehemu kubwa ya mwili, amwone daktari amsimamie.

Mba: shampuu kuliko krimu

Mba wa mwilini ni yale mabaka ya rangi iliyofifia kifuani, mgongoni, shingoni na mabegani. Fangasi yake, Malassezia, huishi kwenye ngozi ya kila mtu. Joto, jasho na mafuta ndivyo huiamsha, na pwani hatukosi kimoja katika hivyo. Si uchafu, na wala si ugonjwa wa kuambukizana kama choa. Nasema hivi kwa mabinti wanaojifunika shingo kwa aibu na kwa vijana wanaotengewa taulo nyumbani.

Hapa krimu ni njia ya gharama. Mgongo mzima utamaliza tyubu ngapi? Shampuu ya ketokonazoli asilimia 2 ndiyo chaguo langu. Ipake mwilini kwenye ngozi iliyolowa, kuanzia shingoni mpaka kiunoni, iache dakika 5, kisha suuza. Fanya hivyo mara 1 kwa siku kwa siku 5. Shampuu ya seleniamu salfaidi asilimia 2.5 nayo huponya, lakini hukaa dakika 10 kila siku kwa siku 7, ina harufu, na hukausha ngozi zaidi. Tena inaharibu vito, kwa hiyo bangili na mikufu ya fedha ivuliwe kwanza.

Terbinafini ya kidonge haifai kwa mba, na griseofulvini pia haifai. Nimeona watu wakimaliza dozi nzima za vidonge hivyo na mba ukabaki ulivyo. Mba ukienea sana, daktari huweza kuandika flukonazoli au itrakonazoli kwa muda mfupi.

Linalowakatisha watu tamaa ni rangi. Fangasi hii hutoa asidi inayozuia ngozi kutengeneza rangi yake, na fangasi ikifa rangi huchukua miezi kurudi. Jipime hivi: kwangua baka taratibu kwa ukucha. Likitoa unga mwembamba, fangasi bado ipo. Lisipotoa, dawa imeshamaliza kazi, acha kununua, ngoja. Na kwa kuwa mba hupenda kurudi, kuoga shampuu hiyo mara 1 kwa mwezi msimu wa joto humsaidia anayerudiwa kila mwaka.

Mapunye na kucha: krimu haifiki

Mtoto wa madrasa ana mabaka yasiyo na nywele, magamba ya kijivu, na vinywele vilivyokatikia kwenye ngozi. Mama ameshapaka kila kitu. Krimu haitaponya, kwa sababu fangasi imo ndani ya unywele na kwenye shina lake, chini ya pale krimu inapoishia. Lazima dawa ipite kwenye damu.

Griseofulvini, iliyoanza kutolewa kwa kumeza mwishoni mwa miaka ya 1950, ndiyo tuliyoizoea. Hupimwa kwa uzito wa mtoto, na humezwa wiki 6 hadi 8, wakati mwingine zaidi. Hujipachika kwenye nywele mpya zinapoota na kusubiri zile zenye ugonjwa zitoke, ndiyo sababu ya kuchelewa kwake. Inataka mafuta ili iingie mwilini vizuri. Mpe mtoto pamoja na maziwa au wali wa nazi, si tumboni patupu. Wengi hawaambiwi hilo, kisha dawa inalaumiwa.

Terbinafini ya kidonge huchukua wiki 4 hivi, nayo kwa fangasi za jamii ya Trichophyton hushindana na griseofulvini na mara nyingi huishinda. Kwa jamii nyingine ya fangasi, Microsporum, ambayo aina yake moja hutoka kwa paka, griseofulvini ndiyo bora. Lamu haina uhaba wa paka, kwa hiyo nauliza kila mara: nyumbani kuna kipaka chenye mabaka bila manyoya ambacho watoto wanakibeba? Jibu likiwa ndiyo, griseofulvini, na paka naye atibiwe. Likiwa hapana na watoto wengi wa darasa moja wameugua, huenda wanaambukizana wenyewe, kwa kofia, kitana na mashine ya kinyozi. Hapo terbinafini huokoa wiki kadhaa za kubembelezana na mtoto, ikiwa mhudumu wa afya ameikubali. Kwa vyovyote, shampuu ya ketokonazoli mara 2 au 3 kwa wiki hupunguza mbegu anazowaambukiza wenzake, ingawa peke yake haiponyi.

Kichwa kikivimba, kikawa laini na kutoa usaha, usikingoje. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, maana nywele za hapo zinaweza zisiote tena.

Kucha nitazisema kwa ufupi. Krimu haziponyi ukucha mnene uliogeuka manjano. Terbinafini miligramu 250 kila siku, wiki 6 kwa kucha za mikono na wiki 12 kwa za miguu, ndiyo dawa inayoongoza, na ukucha wa kidole gumba cha mguu huchukua mwaka au zaidi kuota upya. Kucha nyingi zilizoharibika hazina fangasi hata kidogo, kwa hiyo pima kabla ya kumeza dawa ya miezi 3.

Kabla ya kumeza kidonge

Griseofulvini haipewi mjamzito. Mwanamume anayeimeza asitungishe mimba mpaka miezi 6 ipite baada ya kuiacha. Tena hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi, na hili mke na mume walisikie pamoja. Terbinafini ya kumeza haimfai mwenye ugonjwa wa ini, na wengine hupotewa na ladha ya chakula kwa wiki kadhaa. Flukonazoli hugongana na dawa nyingi. Anayemeza wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, huweza kuvuja damu, na mwenye kisukari anayetumia glibenklamidi sukari yake huweza kushuka ghafla. Mwambie muuzaji dawa zote unazomeza, hata kama amekuuliza choa tu.

Ketokonazoli ya kidonge kataa. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya ilipendekeza iondolewe kwa magonjwa ya fangasi, na ya Marekani ikaizuia isitumike kwa ngozi na kucha, kwa sababu ya madhara kwenye ini. Shampuu na krimu yake hazina tatizo hilo.

Wanaoniuliza kuhusu kitunguu saumu kilichosagwa nawajibu kwamba kinaunguza ngozi, na nimeona malengelenge yake. Maji ya bahari hayaponyi choa.

Kuna baka moja ambalo sitaki liuziwe krimu yoyote: lililofifia rangi, lisilowasha, lisilotoa unga, na ambalo ukiligusa kwa ncha ya pamba unahisi kwa shida au huhisi chochote. Huo unaweza kuwa ukoma. Nenda hospitali ya King Fahd hapa Lamu, au hospitali ya serikali Malindi ukiwa upande huo, useme baka limekufa ganzi. Ukoma hutibika kwa vidonge, vidonge hivyo hutolewa bure, na anayevianza mapema huokoa mishipa ya mikono na miguu yake.